Hoteli ao moteli? Tuangalie mlango kwanza

Siku ya posho iliyopita, kisha kugawa feza ya likelemba, mama mmoja wa kundi letu la hapa Likasi aliuliza swali lililotuchelewesha hadi giza. Anapaswa kwenda Kolwezi siku tatu pamoja na binti yake wa miaka 14, juu ya macho ya mtoto. Hana ndugu kule. "Bamama, nilale hoteli ao moteli?" Mmoja akamjibu palepale: hoteli, maana moteli ni ya washofere wa kamiyo. Mwingine akakataa: moteli, maana hoteli itakula feza ya dawa. Wa tatu, ambaye hatutamtaja, akasema mwanamke mwenye heshima halali ndani ya moja wala ya nyingine, anatafuta jamaa.

Tuliahidi kumjibu katika kigazeti hiki, maana swali si la mama huyu peke yake. Wamama wetu wanatembea zaidi kuliko wakati wa mama zetu. Kuna wanaoenda Kasumbalesa kuchukua bidhaa, kuna wanaopeleka watoto kwa daktari Lubumbashi, na sisi walimu tunaitwa kwa semina na kusahihisha mitihani. Usiku unaingia, na lazima kichwa kilale pahali.

Tuanze na majina, maana yanatudanganya. Neno moteli lilizaliwa Marekani. Mwaka 1925, katika mji wa San Luis Obispo kule California, mjenzi Arthur Heineman alifungua nyumba ya kulala kwa ajili ya watu wa motokari waliokuwa wakisafiri kati ya Los Angeles na San Francisco. Kwa motokari za wakati ule safari hiyo ilichukua siku mbili, na mji huo uko karibu katikati. Aliunganisha neno la mota na neno la hoteli akapata moteli. Ujenzi wenyewe ndio uliokuwa mpya. Hoteli ya zamani ina mlango mmoja mkubwa, mtu wa kupokea wageni, ngazi na barza ndefu yenye vyumba huku na huku. Moteli ina kiwanja, na kila chumba mlango wake unafunguka nje, motokari ikisimama mbele yake. Mgeni anaweza kuingia na kutoka bila kupita mbele ya mtu.

Hayo ni ya Marekani. Kwetu, jina linaandikwa na mchoraji wa kibao kwa namna mwenye nyumba anavyopenda. Tumeona "hoteli" ya vyumba sita nyuma ya nganda, na tumeona "moteli" yenye gorofa mbili ambayo hata pikipiki haina pahali pa kusimama. Kuna gesti ambazo ni safi kuliko hoteli kubwa, na kuna gesti ambazo hatutapenda mtoto wetu apite mbele yake. Kwa hiyo yule mama aliyesema hoteli na yule aliyesema moteli, wote wawili walikuwa wakijibu juu ya kibao. Sisi tunataka kujibu juu ya nyumba.

Tutaeleza usiku mmoja uliotufundisha. Tulikuwa wane, wamama watatu na binti wa mmoja wetu, tukielekea Kolwezi kwa ndoa. Kutoka Likasi ni karibu kilometa 190, na njia siku hizi ni nzuri. Tulijua tungefika jua likiwa bado juu. Mbele ya Fungurume gari likaharibika. Tulikaa kando ya njia tukiangalia kamiyo za madini zikipita moja nyuma ya nyingine, na tulipoingia mjini ilikuwa karibu saa tatu ya usiku. Watu wa ndoa simu zao zimezimwa. Tukamwomba kijana wa teksi atupeleke hoteli nzuri.

Alitupeleka kwenye nyumba yenye kibao cha taa za rangi. Kijana wa kupokea wageni hakutuuliza majina. Alituangalia, akamwangalia na mtoto, akasema: "Ni ya masaa mbili ao ya usiku muzima?"

Mmoja wetu hakuelewa, akajibu, "Usiku mzima, mwanangu, tumechoka." Wengine tulielewa. Nyumba hiyo ilikuwa ya pasaji, inayouza vyumba kwa saa. Wanaume walikuwa wakiingia na wasichana walio karibu na umri wa wanafunzi wetu, na wengine wakitoka. Tuliuliza kama kuna vyumba viwili vilivyo pamoja. Akasema viko, lakini kwanza akageukia yule mwenye mtoto: "Mama, bwana yako anajua kama uko huku? Uko na barua yake?"

Tufikirie kidogo. Kwa wale waliokuja kwa saa mbili hakuomba barua hata moja. Kwa mama mwenye pete kidoleni, mwenye mtoto na sanduku, ndipo alikumbuka sheria.

Na sheria yenyewe hakuijua. Ni kweli kwamba Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kwa matendo ya kisheria. Wengi wetu tulikua tukisikia hivyo, na mama zetu waliishi chini yake. Lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha Sheria ya Familia na kuondoa ruhusa hiyo. Mambo makubwa ya nyumba bwana na bibi wanapaswa kupatana, na hilo ni jema. Chumba cha kulala safarini kwa usiku mmoja hakihitaji barua. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 nayo, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea huru ndani ya nchi, na haisemi "kila mwanaume". Kinachoombwa kwa haki ni kitambulisho, na kwa wengi wetu hicho ni kadi ya mchaguzi. Kwa mtoto, chukueni cheti chake cha kuzaliwa ao kopi yake. Hapo hatulalamiki: nyumba inayouliza mtoto huyu ni wa nani inawalinda watoto.

Tunaandika hayo si kwa kuchochea vita na mabwana. Wamama waliosafiri siku ile wote walikuwa wamepatana na mabwana zao nyumbani. Tunaandika kwa sababu mama asiyejua hilo anaweza kurudishwa barabarani saa tatu ya usiku na mtoto mkononi, akifikiri kosa ni lake.

Hatukulala pale. Kijana wa teksi, ambaye sasa aliona haya, alisema anajua moteli moja pembeni, karibu na njia kuu, "lakini ni ya bashofere". Tulitazamana. Tukaenda.

Kiwanja kilikuwa kikubwa, chenye ukuta na lango la chuma, na kamiyo saba ao nane ndani. Taa moja kali juu ya nguzo. Langoni papa sentineli mzee, mwenye koti zito na redio ndogo, alituomba kadi kabla hata ya kutufungulia. Akaziandika katika daftari, moja kwa moja, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma zamani kwa mapadri. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene aliyefunga kitambaa kichwani, akihesabu mashuka. Alipomwona mtoto alisema: "Munyi mutalala upande wangu, si upande wa makamiyo." Vyumba vitatu vilivyo karibu na nyumba yake, alituambia, havitoi kwa washofere.

Basi nyumba yenye kibao cha hoteli ilikuwa duka la mambo mengine, na moteli ya washofere ilikuwa na mama aliyehesabu mashuka. Tusiseme kwamba kila mara ni hivyo. Tulilala mara nyingine katika moteli ambayo mlango wa chumba ulifungwa kwa kipande cha waya, na mtu alikuja kugonga mara tatu kati ya saa sita na saa nane, akiita jina la mwanamke tusiyemjua. Hatukufungua, na hatukulala.

Kwa hiyo tunaangalia nini? Mlango, kwanza kabisa. Usilipe kabla ya kuona chumba, na ukikiona usianze na kitanda. Fungua na funga mlango wewe mwenyewe. Ufunguo haukutoshi, maana kila nyumba inaweka ufunguo wa pili, na hujui uko mkononi mwa nani. Angalia kama kuna komeo la kufunga kwa ndani. Kama halipo, omba chumba kingine; kama vyumba vyote havina, rudisha asante, ondoka. Kama usiku umeingia sana na huna pa kwenda, meza ao kiti kizito nyuma ya mlango kinasaidia angalau kukuamsha. Kisha dirisha. Vyuma vya dirisha vinazuia mwizi, lakini moto ukiwaka vinakuzuia hata wewe, kwa hiyo mlango wenye komeo gumu lisilofunguka haraka si mlango mzuri pia. Mtoto ajaribu kulifungua yeye mwenyewe kabla ya kulala.

Hapo ndipo ujenzi wa hoteli na wa moteli unaleta tofauti ya kweli. Katika hoteli mtu anayekuja kwako lazima apite mbele ya mtu wa mapokezi, kama mtu huyo yuko macho. Hiyo ni kinga. Lakini chumba cha mwisho wa barza, juu kwenye gorofa, ni pahali ambapo kelele yako haisikiki, na ngazi mara nyingi ni moja tu. Omba chumba cha katikati, karibu na ngazi. Katika moteli unatoka mara moja hadi kiwanjani, na macho ya sentineli yanaona mlango wako. Lakini kila aliye kiwanjani anaweza kukugongea pia. Omba chumba kilicho chini ya taa, upande wa lango ao upande wa mwenye nyumba, hata kama mwanga unasumbua usingizi.

Kwa mama mwenye bidhaa tunafikiri moteli ni bora, ikiwa ukuta na sentineli viko. Mizigo inashuka mbele ya mlango, hubebi mabalo ya vitambaa kwenye ngazi huku vijana watatu wakikusaidia na kuhesabu pamoja nawe. Kwa mama mwenye mtoto na asiye na mizigo, hoteli ndogo ya katikati ya mji, karibu na hospitali, ndiyo tungechagua. Na ukimaliza kuangalia mlango, angalia watu. Kama hapo pana wamama wengine wanaokunywa chai asubuhi, familia, wanafunzi, unaweza kukaa. Na uliza bila haya: "Munauza vyumba kwa saa?" Nyumba nzuri itacheka ao itakasirika. Nyumba mbaya itakutajia bei.

Tulie kidogo juu ya jambo ambalo wengi hawaliweki katika hesabu ya safari, nalo linaua. Usiku ule Kolwezi ilikuwa mwezi wa sita, na kila mtu wa Katanga anajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Umeme ulikuwa umekatika. Binti alikuwa akitetemeka. Mama yake alimwona kijana wa jikoni akipita na mbabula yenye makaa mekundu, akamwita: "Lete hapa chumbani, mtoto apate joto, kisha tutafunga mlango."

Papa sentineli alisikia kutoka langoni. Alikuja haraka kuliko tulivyofikiri mzee anaweza. Akasema hapana. Mama akasisitiza, akasema tumelipa. Mzee akasimama mbele ya mlango. "Mama, hapa mbabula haingie mu chumba. Mukitaka joto, mukuje kukaa na miye inje."

Tulikasirika kidogo, tuseme ukweli. Sisi walimu tungepaswa kuwa wa kwanza kusema alichosema. Makaa yanapoungua pahali pasipo hewa ya kutosha yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho kama moshi. Makaa yanapokuwa mekundu, bila moshi, ndipo watu wanafikiri ni salama, na sumu bado iko. Inaingia katika damu na kuchukua pahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Aliyelala hasikii kitu. Asubuhi wanakutwa wote kitandani, na jamaa wanaanza kusema ni uchawi, ni sumu ya chakula, na wanamtafuta mtu wa kumshitaki.

Jenereta inatoa sumu hiyohiyo. Kwa hiyo ukiona chumba ambacho dirisha lake liko juu ya jenereta, usikichukue, hata wakikupunguzia bei. Wanapunguza mara nyingi kwa sababu ya kelele, lakini kelele ndiyo ndogo. Kama unasikia kichwa kinauma wewe na mtoto kwa wakati mmoja, msilale kwanza mkingoja kipite: tokeni nje kwenye hewa, muite watu, muende hospitali.

Usiku ule tuliomba mablanketi mengine mawili, tukajaza maji ya moto katika chupa, tukazifunga ndani ya vitambaa na kuziweka miguuni. Mtoto alilala. Mmoja wetu alikaa langoni na mzee hadi karibu saa saba, karibu na mbabula, na ndipo tulijua kwa nini alikimbia vile. Aliwahi kufungua mlango asubuhi moja, katika nyumba nyingine alikofanya kazi zamani. Hakueleza zaidi, na hatukumwuliza.

Sasa bei, maana mama aliyesema hoteli inakula feza ya dawa hakukosea kabisa. Lakini hesabu ifanywe yote. Mwaka jana wawili wetu tuliitwa kwa semina ya siku tatu. Karibu na pahali pa semina kulikuwa na hoteli ya dolari 25 kwa chumba, chai ya asubuhi ndani yake. Tukajiona wenye akili, tukaenda kwenye moteli ya dolari 15, nje ya mji. Kwa usiku tatu ni dolari 45, badala ya 75. Lakini kila siku pikipiki za kwenda na kurudi zilitugharimu dolari 6, ndizo 18. Asubuhi hapakuwa na pahali pengine pa kunywa chai ila kwao, kwa dolari 5 sisi wawili, ndizo 15. Tulilipa 78, tukachelewa mara mbili, na jioni tulirudi gizani kwenye pikipiki na vitabu mikononi. Hatukumwambia mtu hadi leo.

Lipeni usiku mmoja kwanza, si yote mitatu. Ukikuta kunguni ao kelele, asubuhi unahama bila kubishana juu ya feza yako. Ombeni karatasi ya malipo. Ulizeni kama maji yako kwenye bomba ao kwenye ndoo, na kama ni ndoo, ombeni ijazwe kabla ya usiku. Chukueni shuka lenu, chandarua, na tochi. Na mtu wa mapokezi akitaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu, omba kingine, polepole, bila ugomvi.

Kuna njia ya tatu ambayo siku ya posho hakuna aliyeitaja: nyumba za wageni za parokia, za masista, na senta za makanisa. Miji yetu mingi inazo. Chumba ni kidogo, kitanda ni cha mtu mmoja, msalaba ukutani, choo mara nyingi ni cha wote. Lango linafungwa mapema, na ukichelewa utaeleza. Hakuna pombe, hakuna muziki. Bei mara nyingi iko chini ya hoteli, na chakula ni bukari na mboga kama nyumbani. Si lazima uwe wa dini yao. Shida moja tu: vyumba ni vichache, na vinajaa wakati wa mikutano. Lazima kupiga simu siku chache mbele.

Na kwa jamaa? Yule mama wa tatu alisema kweli nusu. Kama una jamaa mwenye nafasi, ni furaha. Lakini tunajua nyumba za miji. Watoto sita katika chumba kimoja, na mgeni akija wanahamia sebuleni. Mgeni hafiki mikono mitupu. Mchele, mafuta, sukari, na kitu cha bibi mwenye nyumba. Tukihesabu, wakati mwingine inafika bei ya chumba. Na kuna jambo ambalo wamama wanaliambiana chini ya sauti tu: nyumba ya jamaa si salama kwa kila binti. Kama roho yako inakataa mjomba fulani, isikilize. Lipa chumba.

Kwa wale wanaovuka mpaka, neno kidogo. Kule Zambia, kisha Kasumbalesa, vibao vingi vinasema loji. Nyingine ni kama gesti zetu, nyingine ni za matajiri. Uliza bei kabla ya kushusha mizigo. Kwa wanaoendelea hadi Dar es Salaam, safari ya kupita kilometa 2.000, Kiswahili kinatuchezea. Kule ukiomba "hoteli" wanaweza kukuonyesha pahali pa kula wali na maharagi. Sema "gesti" ao "nyumba ya kulala wageni". Wakikuambia chumba ni "selfu", maana yake kina choo na bafu ndani. Na wakisema nyumba fulani ni "gesti bubu", usiende, ni zile za pasaji. Tena saa yao inatangulia yetu kwa saa moja. Mmoja wetu aliambiwa atoke saa nne ya asubuhi. Simu yake ilionyesha saa tatu na dakika kumi, akaendelea kukunja nguo bila haraka. Walimdai usiku wa pili. Alibishana hadi wakampunguzia nusu.

Mama wa swali la kwanza amekwisha kuamua. Juzi alipiga simu kwa masista wa Kolwezi: usiku wa kwanza chumba kipo, usiku wa pili na wa tatu wamejaa. Kwa hizo mbili tumempa namba ya mama wa mashuka. Ameondoka leo na gari la saa kumi na mbili ya asubuhi, ili afike jua likiwa juu, na binti amebeba chupa mbili za kutia maji ya moto.

Mweka hazina wetu amefungua daftari la nyumba za kulala. Kila mama anayerudi safarini aandike: mji, jina la nyumba, komeo liko ao haliko, nani anakaa langoni, bei aliyolipa, na kama walimwuliza barua ya bwana. Daftari liko kwake kila siku ya posho kisha saa nane, na kalamu imefungwa kwa uzi.